Devon Avenue, Chicago: pa kula na pa kununua kwenye mtaa wa Wapakistani na Wahindi

Ukiwa Chicago kwa siku moja na roho yako yataka chakula kilichoungwa kikaungika, usipoteze saa zako katikati ya mji. Panda treni ya laini nyekundu mpaka kituo cha Loyola, kisha basi namba 155 liendalo magharibi, ushuke linapokata barabara ya Western. Kuanzia hapo mpaka barabara ya California, na mbele yake pia, Devon Avenue imejaa maduka ya Wapakistani, Wahindi na Wabangladeshi pande zote mbili: mabucha, maduka ya viungo, vito, sari, mapambo ya maharusi, na chakula mlango kwa mlango.

Naandika kama mpishi. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, na kazi yangu hapa ni kupikia watu harusi, akika na hitima: Waswahili wenzangu, Wasomali, Wakomoro, na siku hizi hata familia za Kipakistani huniita niwapikie viazi karai na mkate wa sinia. Mchele, nyama, samli na bizari ninazotumia karibu zote zatoka Devon. Pesa yangu yaingia kwenye maduka hayo wiki baada ya wiki, na ndiyo maana nayaangalia kwa jicho kali.

Kipimo changu ni kimoja tu. Pale mahali wanampikia nani? Kuna mikahawa Devon inayompikia dereva wa teksi kutoka Lahore, mama wa Karachi anayejua nihari, ule mchuzi mzito wa muundi, ilivyotakiwa kuwa, mzee wa Hyderabad ambaye hatasamehe biriani isiyo na ukali. Na kuna mingine inayompikia mgeni asiyejua, ikapunguza pilipili, ikaongeza malai (krimu ya maziwa), ikapaka rangi. Ya kwanza ndiyo yenye thamani ya nauli yako. Na Mswahili, ajabu, huko ndiko anakojisikia nyumbani zaidi, kwa sababu ulimi wetu hautaki kupunguziwa kitu.

Mtaa wenyewe una umri. Zamani ulikuwa wa Mayahudi, na bado ukizidi kwenda magharibi utaona masinagogi na familia zinazotembea kwa miguu siku ya Jumamosi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 ilipoondoa mgao wa zamani uliowapendelea Wazungu, Wahindi na Wapakistani wakaanza kuja kwa wingi, na mwaka 1974 ndugu wawili wa Kigujarati, Mafat na Tulsi Patel, wakafungua duka dogo la vyakula hapa. Duka hilo ndilo lililozaa Patel Brothers, ambayo leo ina matawi zaidi ya 50 Marekani nzima na bado ina duka Devon. Ukiinua macho kwenye nguzo utaona vibao vya heshima ambavyo jiji limeviweka: kipande hiki Gandhi Marg, cha Gandhi wa India, kipande kile Mohammed Ali Jinnah Way, cha mwasisi wa Pakistani, kingine Sheikh Mujib Way, cha mwasisi wa Bangladesh, na cha Golda Meir wa Israeli pia kipo. Mataifa yaliyopigana vita yamegawana barabara moja, na asubuhi wenye maduka wanafagia theluji ya vizingitini pamoja.

Nianze na Sabri Nihari, kwa sababu ndipo ninapompeleka kila mgeni anayefikia kwangu. Nihari ni muundi wa ng'ombe uliopikwa kwa moto mdogo saa nyingi, desturi ni usiku kucha, mpaka nyama iachane na mfupa na uboho uchanganyike na mchuzi. Huungwa kwa shamari, tangawizi kavu, iliki na pilipili, kisha mchuzi hutiliwa uzito kwa unga. Asili yake ni Delhi. Baada ya mgawanyo wa India na Pakistani wa 1947 Waislamu wengi wa Delhi walihamia Karachi na mapishi yao, na leo hakuna mji unaojivunia nihari kama Karachi.

Bakuli likifika mezani utaona tabaka la mafuta mekundu juu. Usiyaondoe. Yale mafuta ndiyo yaliyobeba viungo, na ukiyakusanya pembeni kwa kijiko utabaki na supu nzito isiyo na harufu. Inakuja na sahani ndogo ya tangawizi iliyokatwa nyembamba kama uzi, pilipili mbichi, majani ya dania na ndimu. Vitie vyote. Ile nihari peke yake ni nzito, inakaa kooni. Tangawizi na ndimu ndizo zinazoifungua. Kula kwa naan, mkate bapa wa tanuri, na uiagize naan mbili mbili, maana ikipoa inakuwa ngumu na haifai tena kuchovya. Watu wengine huomba wali. Mimi siwaoni kama wanaitendea haki. Ukitaka mfupa wenye uboho mwambie mhudumu mapema kabla hajaenda jikoni. Nyama yao ni ya halali na mkahawa hauuzi pombe, ndiyo sababu jioni unaona familia nzima nzima, kina bibi na watoto wachanga, meza za watu kumi.

Kwa Mswahili aliyezoea mchuzi wa nazi au nyama ya kukausha, ule utelezi wa muundi utamshangaza. Mume wangu aliuacha nusu siku ya kwanza. Sasa akisikia naenda Devon huuliza kama napitia pale.

Ghareeb Nawaz ni habari nyingine kabisa. Jina ni la lakabu ya Khwaja Moinuddin Chishti, walii wa Ajmer, msaidizi wa maskini, na mkahawa umejitahidi kulibeba jina hilo kwa bei zake. Unaagiza kaunta, unalipa, unangoja uitwe, unabeba sinia lako mwenyewe. Meza ni za kawaida, taa ni kali, na hakuna atakayekuuliza kama umefurahia. Madereva wa teksi ndio walioufanya uwe maarufu, na ukiingia usiku utawakuta, wamekaa kimya wanakula haraka warudi barabarani. Agiza biriani au paratha (chapati ya tabaka) iliyoviringishwa na kebab ndani. Utashiba kwa pesa ambayo sehemu nyingine ya Chicago haikununulii hata kahawa na keki.

Ila hapa lazima niseme neno kuhusu biriani, kwa kuwa najua wasomaji wangu wataingia na matarajio ya pwani. Biriani yetu ya Mombasa wali uko mbali na masala yako mbali. Tunachota wali wenye zafarani tukamwagia masala mazito ya nyama, vitunguu vya kukaanga na viazi. Yao ni ya tabaka. Wali ulioiva nusu unalazwa juu ya nyama iliyoungwa, sufuria inafunikwa kisawasawa, na mvuke unamalizia kazi. Kwa hiyo ukichota juu juu utapata wali mweupe mkavu na utalalamika. Chota kutoka chini kwenda juu. Ukali wao unatoka kwenye pilipili mbichi na ndimu na plamu kavu, wetu unatoka kwenye nyanya na maziwa ya mgando. Sisemi ipi bora. Nasema usiende kutafuta ya bibi yako, utaikosea heshima ile iliyo mbele yako.

Kuna mkahawa mmoja mtaani, sitautaja, wenye bufee ya mchana. Niliingia na wageni kutoka Dar es Salaam kwa sababu kwingine kulikuwa kumejaa. Wali ulipakwa rangi ya chungwa kwa mabaka, bila harufu ya zafarani hata chembe. Kuku wa kuchoma alikuwa mwekundu nje na amekauka ndani kwa kukaa chini ya taa ya joto. Mchuzi wa siagi, ule wa mbuzi na ule wa mchicha ulikuwa na ladha moja, kana kwamba vyote vimechotwa chungu kimoja. Meza za jirani hapakuwa na Mpakistani wala Mhindi hata mmoja, na hilo ndilo nililopaswa kulitazama kabla ya kukaa. Tangu hapo sheria yangu ni hii: Devon usile bufee, nenda mahali penye chakula kimoja wanachokijua sana.

Ukitaka nyama ya kuchoma, Khan BBQ wanatumia mkaa, na tofauti iko wazi kwa mtu aliyekulia na mishkaki ya barabarani. Boti ya kuku (vipande vya nyama ya mishkaki) na seekh kebab (nyama ya kusaga kwenye kijiti), naan ya kutoka tanuri, kitunguu na chatine. Basi. Michuzi yao ni mizuri pia, lakini siendi kwa ajili ya michuzi.

Sasa bucha, ambako mimi hasa hupoteza muda wangu. Mabucha ya halali Devon ni mengi na sitakutajia ninalonunua, kwa sababu mchinjaji mzuri akihama duka huhama na ubora wake. Nitakwambia cha kutazama. Kwanza uliza kama nyama imechinjwa kwa mkono. Muuzaji mwenye hakika hujibu hapo hapo na kukwambia inatoka wapi, asiye na hakika huzunguka. Pili, tazama mbuzi ananing'inia mzima au yuko kwenye treya tayari. Mbuzi mzima unamuona mafuta yake, unamuona rangi, unachagua. Mimi kwa biriani nataka bega na mbavu, mifupa mingi. Paja nalichukua kwa pilau au kuchoma. Yule anayenikatia hunijua, huniita baji, yaani dada, naye nikimwita bhai, yaani kaka, anatabasamu na kuweka kando figo na maini bila ya mimi kuomba. Sema ukubwa wa vipande kabla mashine haijawaka, maana wao kwa mazoea hukata vidogo vya karahi, mchuzi wa kukaangia karaini, na vipande vidogo kwenye biriani ya watu 200 vitavunjika vyote kabla hujafunua sufuria.

Bucha moja lilinichanganyia mbuzi wa barafu ndani ya mbuzi mbichi niliyemlipia. Nilijua nilipofika nyumbani na maji kuanza kutoka kwenye mfuko. Sijarudi, na nawashauri mkate nyama yenu mkiwa mmesimama pale pale mnaona. Kingine: miguu ya mbuzi na ng'ombe, matumbo, ubongo, vyote vinapatikana na wala huhitaji kunong'ona. Miguu husafishwa na kubabuliwa manyoya tayari. Supu ya kongoro Jumapili asubuhi katika baridi ya Januari hapa ni neema.

Mchele. Waswahili wengi wapya hununua basmati yoyote yenye gunia zuri, kisha walaumu moto. Kwa biriani ya wengi chukua sella, ile iliyochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa, rangi yake ya dhahabu kidogo. Huiloweka saa moja au zaidi, haivunjiki, na husamehe mpishi aliyechelewa kuipua. Kwa pilau ya nyumbani au wali wa nazi chukua basmati ya kawaida iliyokaa ghalani mwaka au zaidi, ina harufu nzuri kuliko sella. Gunia la ratili 20 au 40 linakuja bei ya chini kwa ratili kuliko mifuko midogo, na wiki moja kabla ya Ramadhani maduka hushindana kushusha bei. Hapo ndipo mimi hujaza gari.

Viungo, nunua vizima usage mwenyewe. Binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, giligilani: vyote vipo kwa mifuko mikubwa na vinatoka upesi kwa hiyo ni vipya, na bei yake ukiilinganisha na vichupa vya supamaketi za Wamarekani utashangaa watu wananunua kule kwa nini. Za paketi, masala ya Shan kutoka Karachi yamejaa kila rafu. Sina uadui nayo. Mama anayerudi kazini saa moja usiku ana haki ya kufungua paketi ya nihari. Lakini zina chumvi nyingi sana, tia nusu kwanza, onja. Na tazama tarehe nyuma ya boksi, hasa kwenye maduka madogo ambako paketi hukaa mpaka zikapauka.

Mboga Patel Brothers ni raha. Bamia changa, karela, magimbi, mbaazi, binzari manjano mbichi, majani ya mlonge ukibahatika, embe mbichi za achari. Kwenye friza kuna nazi iliyokunwa tayari, muhogo uliomenywa, na chapati za tabaka ambazo zimeniokoa siku ya wageni wa ghafla. Kwa samaki vuka uende kwa Wabangladeshi: wana hilsa yao wanayoipenda kuliko dhahabu, na ndani ya friza hizo hizo utapata nguru aliyekatwa vipande, anayefaa kupaka. Ni pale kwenye kapu la karela ndipo bibi mmoja wa Kigujarati aliponisikia nikiongea kwenye simu, akanigusa mkono na kuniuliza kwa Kiswahili safi cha Mwanza kama najua wapi atapata mchicha wa kienyeji. Tulisimama muda mrefu. Alizaliwa kule, akaondoka msichana, na Kiswahili chake hakijapoteza kitu.

Chai usiikose. Ile ya maziwa iliyochemshwa ikachemka, nzito kwa rangi ya majani na iliki kidogo, inauzwa karibu kila mkahawa wa Kipakistani. Pakistani ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya, na chai ya Kenya huuzwa kwenye mnada wa Mombasa. Kwa hiyo kikombe unachoshika Devon, na baridi imegandisha madirisha, kwa uwezekano mkubwa majani yake yalitoka Kericho au Nandi, yakapita mjini kwetu, yakavuka bahari hadi Karachi kupakiwa, yakaja mpaka huku. Nikiinywa najisikia mwenyeji.

Vitamu sitavikalia sana. Tahoora wana jalebi na gulab jamun nzuri, na sambusa zao za viazi ni kubwa, ganda nene, si zile zetu nyembamba za nyama. Zile za nyama uliza. Sukhadia ni wa Kigujarati na wanajua barfi. Jalebi nunua ikiwa inatoka karaini wakati huo huo au usinunue kabisa. Faluda inapatikana na ni tamu kupita kiasi kwangu, watoto wangu hawakubaliani nami. Na wanaokula tambuu, kina mama wa rika la mama yangu, watapata paan ya kukunjwa mbele yao, ya tamu au ya chokaa na tumbaku. Sema mapema unataka ipi.

Embe za Pakistani huja Julai na Agosti kwa ndege, aina ya Chaunsa, zikiwa zimepitishwa kwenye mionzi kwa kanuni za Marekani. Kasha dogo ni ghali, dola 40 si ajabu. Mimi nanunua moja kwa msimu na sioni uchungu. Weka jina lako kwenye duka kabla, maana shehena ikifika inaisha mchana huo huo, na fungua kasha ukague kila embe kabla hujatoka. Zilizobonyea muuzaji mwema hukubadilishia.

Kuhusu wakati wa kwenda: Jumamosi na Jumapili alasiri epuka kama una gari, kuegesha ni kwa kulipia na nafasi hazipo, utazunguka vichochoro mpaka nihari ikuishe hamu. Jumanne au Jumatano asubuhi ndiyo yangu. Bucha limepokea nyama, mboga ni mbichi, na wenye maduka wana nafasi ya kuzungumza. Usiku wa kuamkia Idi ni kinyume chake, mtaa mzima hufurika, wasichana wanapakwa hina barabarani, bangili zinauzwa mpaka usiku wa manane, na Sabri Nihari hupati kiti. Ukienda usiku huo nenda na chakula tumboni, na wachukue watoto.

Lete fedha taslimu kiasi. Maduka madogo mengine hayapokei kadi chini ya dola 10, na bhai wa bucha hukuondolea senti za mwisho ukimlipa mkononi.